Maziwa Yaliyovimba

Kibuyu cha Nyanjige hakikuwahi kukauka tangu mama yake alipomkabidhi, siku anaolewa Kiloleli. Maana yake ni kwamba kila yalipomiminwa maziwa ya kunywa, chini yalibaki kidogo, mgando mzito wa kuwapokea wageni. Ndivyo walivyosema kwao: maziwa mabichi ni wageni, yaliyobaki chini ni wenyeji, na mgeni akilala na mwenyeji hujifunza adabu za nyumba.

"Maziwa hayafi, mwanangu," mama yake alimwambia. "Yanageuka tu."

Neno hilo lilikuwa la kweli enzi ng'ombe walipokuwepo. Mumewe, Mayunga Maduhu, alikuwa na kundi ambalo likipita barabarani gari linazima injini na dereva anawasha sigara. Ukaja ule mwaka wa ukame, na nani wa Kiloleli asiyeukumbuka? Majani yaliyobaki yalikuwa ng'ambo ya bikoni, zile nguzo za mpaka wa hifadhi, na ng'ombe hajui kusoma bikoni. Wakavuka. Wakakamatwa, wakafungiwa zizini bila maji, wakapigwa mnada kabla Mayunga hajapata mtu wa kumwandikia malalamiko. Walionunua tunawajua. Wengine leo wana mabucha na wanatupungia mikono. Yaliyopita si ndwele, wanatuambia. Husema hivyo mtu aliyetoka na nyama.

Mayunga hakulia. Alikaa mlangoni akawa mtu wa kukaa mlangoni, na tumbo lake likaanza kumla kutoka ndani.

Ugonjwa ulipozidi walihamia Bariadi, kwenye chumba alichopanga binti yao Monika kule Somanda, ili wawe karibu na hospitali. Nyanjige alipanda basi na kibuyu mapajani, amekifunga kwa kanga kama mtoto mchanga. Pale mjini alikilisha kwa maziwa ya akina mama wanaopita na ndoo. Kiangazi kilipokaza, ndoo zile zikaleta maji yenye rangi, halafu zikaacha kuja kabisa. Mgando wa chini ukapungua, ukawa kama utelezi kwenye jiwe la kisimani.

Na Mayunga hakutaka kingine. Uji aliusukuma. Supu ikija aligeuzia uso ukutani.

"Nipe ya kibuyu," alisema. "Nikifa na uji mdomoni, baba atanicheka huko."

Monika alikuwa mfagiaji katika duka kubwa la Joakim, lile lenye milango ya vioo. Joakim si mtu mbaya. Muulize yeyote aliyepiga naye picha. Msimu ule kulikuwa na fununu kwamba wakaguzi wanapita madukani, na stoo ya Joakim, yenye bati lisilo na dari, ilikuwa na shehena ya maziwa ya pakiti yaliyopitwa na tarehe. Kuyateketeza ni gharama na ni aibu. Akawaita wafanyakazi.

"Bosi wenu ana huruma," alisema. "Jioni ya leo kila mtu abebe kadiri ya mkono wake."

"Bosi, tarehe imepita," alisema Monika.

"Soma vizuri, binti. Imeandikwa 'bora kabla ya'. Haijaandikwa 'sumu baada ya'. Mimi mwenyewe nakunywa haya haya nyumbani kwangu."

"Wewe umeshamwona akinywa?" mwenzake alimnong'oneza Monika, na wote wawili wakacheka kwa pua. Kisha wakabeba. Mtu aliyefagia kutwa hawezi kurudi mikono mitupu kwa ajili ya kucheka.

Nyumbani Monika alimwaga mfuko sakafuni akachambua. Pakiti zilizolala sawa aliziweka juu ya kigoda. Zilizovimba akazitia kwenye ndoo ya taka.

"Mayu," alimwambia mama yake, "hizi za kigoda tutachemshia chai. Hizi zilizovimba zisiguswe. Kesho nikitoka kazini nitaenda kuzifukia."

"Zina nini?"

"Zimeharibika. Si unaona zilivyovimba?"

Nyanjige aliona. Aliona vizuri kuliko binti yake. Kesho yake, Monika alipokwisha kwenda kazini, alikaa chini akaitazama ile ndoo kama mtu anayewatazama jamaa zake wamefungiwa nje. Maisha yake yote kuvimba kulikuwa habari njema. Maziwa yakikolea ndani ya kibuyu huvuta pumzi, husukuma lile gunzi la mahindi lililoziba mdomo, na gunzi likiruka watoto hupiga makofi: yameiva! Maziwa yaliyolala kimya siku nzima ndiyo ya kuogopa. Hayo hayana roho. Sasa watoto wa mjini wanatia kwenye chai yaliyolala, wanatupa yaliyoamka!

Alitoboa pakiti moja iliyovimba kuliko zote. Ikatoa pumzi. Akanusa. Harufu ilikuwa na ukakasi kidogo, na ukakasi si ndio mwanzo wa kugeuka? Alisita, tuseme kweli. Pua yake ilimwambia kitu. Lakini nyuma yake Mayunga alikohoa, na utelezi ule wa mwisho kibuyuni ulikuwa unakauka.

"Wageni hao," alikiambia kibuyu. "Wafundishe."

Akamimina.

Siku iliyofuata, mchana, gunzi liliruka. Nyanjige alicheka peke yake kama msichana. Akamwinua mumewe, akamwegemeza kifuani, akamwekea kikombe mdomoni.

Mayunga alionja, akafumba macho. Zamani alikuwa na sifa hiyo kijiji kizima: alionja maziwa akataja ng'ombe.

"Huyu ng'ombe gani?" aliuliza.

"Madoa," alisema Nyanjige.

"Madoa?" Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Madoa hakuwa mchungu hivi. Huyu amekula majani gani?"

"Kiangazi, baba Monika. Amekula alichokipata."

"Kama sisi," alisema Mayunga. Na akanywa yote. Aliishikilia mikono ya mkewe asije akaondoa kikombe mapema.

Kilichofuata ni tumbo kukata, kutapika, bodaboda kushindwa kumbeba, jirani kuazima bajaji. Hospitalini waliweka dripu. Daktari kijana aliuliza mgonjwa alikula nini.

"Maziwa," alisema Nyanjige.

"Ya wapi?"

"Ya kwetu."

Neno lilitoka kabla hajalitazama. Mayunga alikata roho kesho yake kabla ya chai ya saa nne. Daktari alisema lile tumbo lilikuwa limekwisha kumla siku nyingi, na huenda ndivyo. Alisema na kuharisha kumemmaliza maji, na huenda ndivyo vilevile. Nyanjige hakuuliza lipi lilitangulia.

Kabla ya kusafirisha maiti alitoka na kibuyu nyuma ya chumba, akakipindua. Kilichotoka kilivutika kama makamasi, kina rangi ya usaha. Kuku walikuja mbio, wakasimama, wakaondoka. Wenyeji wote walikuwa wamekufa humo ndani pamoja na wageni. Akachemsha maji akakisuuza mara kwa mara, na kila maji yalipotoka alijua anamwaga mkono wa mama yake.

Mazishi yalikuwa Kiloleli. Matanga yakiwa yamejaa watu, pikapu ya Joakim ilifika na katoni za maziwa kwa ajili ya chai ya waombolezaji. Kijana wake alitangulia na simu juu, akipiga picha. Joakim akashika katoni, akaangalia simu, akainamisha kichwa kwa huzuni, akapigwa nyingine.

Watu walishukuru. Msiba bila chai ya maziwa ni msiba wa mkosi.

Basi palikuwapo Kabula, mtani wa marehemu. Mtani msibani hana adabu na hadaiwi. Amekuja kumtukana maiti ili wafiwa wapumue. Alikwisha kulala mbele ya jeneza akidai Mayunga amekufa ili asichunge zamu yake. Sasa akanyakua pakiti akasimama katikati.

"Ngojeni! Hii si imetoka mjini? Ngojeni nisome tarehe, tusije tukamfuata huyu mlafi!"

Vicheko. Kabula akaigeuza pakiti, akaisogeza machoni, akasoma kwa sauti ya padri. Tarehe ilikuwa mbali mbele, mwaka ujao.

"Hai!" alipiga kelele. "Maziwa mazima, wazazi! Kunyweni! Bosi ametupenda!"

Nyanjige alikuwa ameketi kwenye mkeka na wajane wenzake. Hakujua kusoma, lakini hilo alilielewa. Kumbe mazima yalikuwepo. Yalikuwa stoo ile ile, nyuma ya ukuta ule ule ambao mwanawe alifagia chini yake. Yalikuwa yakisubiri kifo na picha.

Akasimama. Wanawake walimshika, akajitoa.

"Joakim," aliita, bila bosi, bila bwana. "Haya ndiyo aliyokuwa akiyataka. Mbona ulimpa yale yaliyooza?"

Simu ikashuka.

"Mama yangu, pole," alisema Joakim taratibu, kama anayemwongelesha mgonjwa. "Msiba unachanganya. Mimi sikumlazimisha mtu. Niliwaambia wabebe wenyewe. Na ile tarehe ni ya 'bora kabla ya', haina maana kwamba..."

"Na sisi, Bosi," alidakia Kabula, "tumeandikwa bora kabla ya nini?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Wazee wawili watatu waliinua vichwa, na kwa muda mfupi, mfupi sana, ilionekana kama watu wale wangesimama.

Lakini Monika alikuwa amemgeukia mama yake. Uso wake ulikuwa umekwisha kuelewa.

"Mayu. Ulimpa zilizovimba?"

Nyanjige alijifunga upya kanga yake.

"Nilikuambia zisiguswe."

"Uliniambia," alisema Nyanjige.

Ikaishia hapo. Watu walipumua, mkosaji alikuwa amepatikana nyumbani, tena mwanamke, tena hajui kusoma. Joakim alimwekea Monika mkono begani, akamwambia asiwe na wasiwasi na kazi yake. Mmoja akapuliza kikombe chake, akanywa. Mwingine akafuata. Chai ilikuwa nzuri. Yalikuwa maziwa mazima.

Jumatatu Monika alirudi Bariadi kufagia. Mama yake alibaki Kiloleli, na kibuyu kikatundikwa ukutani, kinywa chini. Jirani alikuja na kikombe cha mgando wake, akamwambia, "Chukua mbegu, uanze upya." Nyanjige aliunusa mgando ule kwa muda mrefu. Ulikuwa mzuri. Akamrudishia.

"Wa kunywa hayupo," alisema.

Katoni zilizobaki za msiba zilipangwa chini ya kitanda. Hakuna aliyezigusa. Zimelala pale mpaka leo, chini ya bati lisilo na dari, na joto la jua la Kiloleli linazipiga kila mchana, na zimeanza kuvimba.