Chiriku wa Dirisha Namba Tatu

Haya ni kweli tupu, kweli ya kuapia. Mke wangu ndiye mwamuzi. Akinikamata na uongo hata wa punje, nitakwenda popote atakaponituma, kwa miguu, bila kunung'unika.

Fundi cherehani mmoja, mjane, alikuwa akifika ofisi ya ardhi kila siku saa mbili asubuhi na kuketi benchi la mwisho, tepu ya kupimia shingoni. Faili la nyumba aliyoachiwa na mama yake lilikuwa limepotea, na binamu yake alikwisha kutia kufuli chumba cha cherehani. Bila faili, nyumba ni ya mwenye kufuli. Karani wa dirisha namba tatu alimwambia kwa upole, "Njoo kesho, mama."

Akaja kesho arobaini.

Msimu wa kutaga ulipofika, chiriku jike akaanza kujenga juu ya taa, mbele ya benchi. Fundi akawa anamtazama, maana humo ndani hapakuwa na mwingine aliyekuwa akifanya kazi.

Chiriku hakuleta nyasi. Alipita upenyo wa mlango wa chumba cha nyuma, akarudi na vipande vya karatasi alivyonyofoa kwenye faili lililokunjwa chini ya mguu wa meza ya chai ili isiyumbe. Kiota kilipokamilika, akaimba. Aliimba namba ya kiwanja, mipaka yake minne na jina la mama mtu. Fundi akatoa chaki yake, akaandika yote kwenye kitambaa. Kesho yake chiriku aliimba ukurasa wa pili. Watu wa foleni waliomba apunguze sauti, hawasikii wakiitwa.

Akataga mayai matatu. Kila moja lilikuwa na muhuri wa ofisi, wa duara, wino wa zambarau.

Karani alipanda kiti, akavaa miwani, akayakagua.

"Muhuri ni wetu," akasema. "Ila yai haliingii kwenye faili."

"Basi nifungulie faili la mayai."

Karani akamweleza kwamba hilo linahitaji kibali cha mkubwa, na mkubwa yuko likizo.

Makinda wakatoka na mihuri yao vifuani, wakaota manyoya, wakaruka kupitia dirishani. Kufuli likabaki mlangoni. Fundi akakunja kitambaa chake. Alisema chiriku hutaga tena, naye haendi popote.

Hapo mke wangu akaacha kuchambua maharage.

"Chumba cha nyuma raia haingii. Wewe umejuaje kilichokuwa chini ya mguu wa meza?"

Nikasema nilisikia kwa watu. Akauliza watu gani. Nikasema meza ile ilikuwa inamwaga chai, mtu ungefanyaje?

Aliniletea viatu.

Saa mbili asubuhi nilikuwa dirisha namba tatu, upande wa raia kwa mara ya kwanza tangu nistaafu ukarani. Nilimweleza karani mpya kila kitu: faili nililikunja mimi, kwa mikono hii. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Njoo kesho, mzee," akasema kwa upole.

Nikaenda benchi la mwisho. Fundi alikuwa ameshika chaki, macho juu ya taa, ambako kiota kipya kilikuwa nusu.

"Sogea huku, baba," akasema bila kunitazama. "Hapo atakunyea."