Viatu Vilivyokauka

Mguu uligoma kuingia. Lutengano alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya meko, ameshika kiatu cha njumu kwa mikono miwili, akisukuma kisigino mpaka jasho likamtoka katika ile baridi ya asubuhi ya Uyole inayowafanya hata kuku wachelewe kutoka bandani. Vidole vilifika katikati vikakwama. Ngozi ilikuwa imekakamaa kama ubao na ncha imejikunja.

Jana yake alifika nyumbani kutoka Iringa amelowa chapachapa, maana basi lilizama kwenye tope na abiria wakateremshwa kulisukuma. Viatu alivitupa pembeni, akalala fofofo. Mama yake, Damari, aliviona vinachuruzika maji, akamwonea huruma mwanawe. Akafanya lile ambalo mwanamke yeyote wa milimani angelifanya kwa mtu anayempenda: akavipandisha kwenye uchanja wa juu ya meko, pale wanapokaushia mahindi ya mbegu na nyama ya sikukuu, akachochea moto usizimike. Nyama ikikaa pale haiozi. Mahindi yakikaa pale hayaingiwi na fukusi. Nani aliwahi kumwambia kwamba kiatu ni kitu kingine?

"Vimekauka vizuri?" mama aliuliza huku akimimina uji.

Lutengano akamtazama. Macho ya mama yalikuwa mekundu kwa moshi.

"Vimekauka, mama. Ndaga," alimshukuru kwa lugha yao. "Huwa vinakaza hivi kukiwa na baridi. Vitalegea njiani."

Mama akaridhika, akaanza kujitafutia kitenge cha kutokea. Alisema atamfuata mjini baadaye pamoja na wanawake wenzake wa kanisani, kwa sababu walikwisha kumwombea na sasa walitaka kuona.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Mgodi mmoja wa shaba, huko Rodesia ya Kaskazini, ulikuwa umemtuma mtu Mbeya kuchagua vijana wa kucheza mpira kwa mshahara. Kazi nyepesi juu ya ardhi, nyumba ya matofali, na kila Jumamosi uwanjani. Habari hizo zilimkuta Lutengano akiwa mwaka wa mwisho katika chuo cha ualimu kule Iringa, winga wa kushoto, mtu ambaye watoto wa mjini walimpachika jina la Umeme. Usidhani alikuwa na majivuno. Alikuwa na mpira tu, na mpira ulimtosha. Lakini alicheza peku, kama karibu kila mtu wakati ule, na sharti la mgodi lilikuwa moja: asiye na viatu asikanyage uwanja.

Ahmadi, fundi cherehani aliyeiongoza timu ya mjini Iringa, ndiye aliyemtafutia njumu kuukuu. Mwezi mzima Lutengano alizifanyia mazoezi alfajiri kabla ya kengele. Mwanzoni alijikwaa kama ndama, kisha akazoea, kisha mpira ukaanza kumtii. Mkuu wa chuo alipopata habari alimwita akamwambia bila kufoka kwamba chuo si kituo cha basi. Akitoka getini kufuata mchezo huo, kitanda chake atapewa mwingine. Lutengano akatoka. Ualimu ukaishia pale, na sasa kilichobaki duniani kilikuwa viatu viwili ambavyo haviingii mguuni.

Aliviloweka kwenye kijito cha njiani, akavipaka mafuta ya ng'ombe, akavishindilia majani mabichi, akavikanda kwa jiwe. Alipofika mjini Mbeya alizunguka akiazima. Kila mwenye viatu alikuwa amevivaa, na wengine walikuwa wamekwisha kuviazima wao. Filimbi ya kuwaita ikalia. Lutengano akauma meno, akaingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili. Vidole vilikunjwa kama ngumi.

Masikini, mchezo aliocheza siku ile si wa kusimuliwa. Mpira ulimjia miguuni ukampita. Aliitwa, akachelewa. Alipokimbia alichechemea, na watu waliokuja kumwona huyo Umeme wa Iringa wakaanza kucheka, wakauliza kama umeme umekatika. Misumari ya njumu ilikuwa imetokeza ndani kwa sababu ngozi imesinyaa, na kila hatua ilimchoma.

Wakati wa mapumziko alikaa chini akavivua. Soksi zilikuwa zimegandamana na damu. Akasimama peku, akamfuata Bartholomeo, karani wa Kinyasa aliyetumwa na mgodi, mtu mnene ambaye hapo zamani alikuwa mchezaji mwenyewe.

"Bwana, nakuomba dakika chache peku," alisema Lutengano. "Chache tu. Uone."

Bartholomeo alitazama ile miguu. Pengine alikumbuka ya kwake. Akaitikia kwa kichwa, akamruhusu acheze mpira mmoja. Lutengano akauanzia kwenye mstari, akawapita watatu kana kwamba ni miti ya mipaka, akautia wavuni. Watu waliacha kucheka.

"Nimekuona, mdogo wangu," alisema Bartholomeo. "Mpira unaujua. Lakini kule hakuna anayecheza peku. Nikiwapelekea mtu aliyeshindwa na viatu, nitafukuzwa mimi."

Lutengano alitaka kumweleza. Maneno yalimjaa mdomoni: uchanja, moto, mama. Akaona jinsi yatakavyosikika mbele ya wale wote, kwamba mama yake ndiye aliyemuua, akayarudisha tumboni.

"Basi nipe kazi yoyote," alisema. Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Siwezi kurudi nilikotoka."

"Ya chini ipo. Ya kuchimba. Lori la Tunduma linaondoka leo leo." Bartholomeo akapunguza sauti. "Ila wa chini hawachezi. Wakipanda juu wanataka kulala tu."

Damari na wenzake walifika lori likiwa limekwisha kuwashwa. Waliochaguliwa kucheza na waliochukuliwa kuchimba walikaa kwenye mbao zilezile, wamebanana, na hakuna ambaye angeweza kuwatofautisha kwa macho. Mama alimwona mwanawe kati yao, akajipenyeza mpaka ubavuni mwa lori akamshika mkono.

"Wamekuchukua?"

"Wamenichukua, mama."

"Na viatu havikukusumbua?"

Lutengano akaivuta miguu yake nyuma, chini ya ubao, mahali ambapo mama asingeiona.

"Vilikuwa vikavu kabisa," alisema.

Mama akageuka kuwaelekea wanawake wenzake, na vigelegele vikapasuka pale barabarani. Lori likaanza kusogea. Alikimbia pembeni yake, mtu mzima yule, kitenge kikimlegea, akimwambia kila aliyepita kwamba huyo ni wake, huyo anayekwenda kucheza. Lutengano akatabasamu. Mama akabaki nyuma na vumbi likamfunika, lori likapinda kona, wasafiri wakaanza kutafuta pa kuegemeza migongo. Lutengano bado alikuwa amekaa wima, akitabasamu.