Masanduku Meusi Kando ya Bwawa

“Usinitolee macho! Samaki wangu wanahema juu ya maji kama wagonjwa wa pumu, na wewe kazi yako kumwaga uchafu mtaroni!”

“Mtaro wangu unateremkia barabarani, dada. Maji yamejifunza lini kupanda mlima?”

Mama Bwawa alisimama ukutani, ndala moja mguuni, nyingine mkononi. Ng'ambo ya ukuta, Fundi Betri alikuwa bado ameshika betri ya gari aliyokuwa akiipasua. Sisi majirani tulishajaa uani; mmoja kaja na kigoda kabisa.

“Kikulacho ki nguoni mwako!” akachochea yule wa kigoda.

Gari la mnunuzi lingefika saa kumi. Mama Bwawa hakutulia: mara bwawani, mara getini, mara ukutani kutukana tena. Miezi saba ya kufuga, na mzigo ndio ule, unatweta.

Kabla ya gari akaingia binti wa kaka yake, yule wa maabara, aliyechukua samaki watatu wiki iliyopita akawapime.

“Shangazi, usiuze. Wana madini ya risasi, yale ya kwenye betri.”

“Mbona maji yana hewa? Pampu inazunguka usiku na mchana!”

“Hewa ipo. Risasi ikimwingia samaki, oksijeni ile ile mwilini mwake inageuka kali, inaunguza matamvua anayopumulia na ini. Mwili una kinga yake, lakini ikiisha, ni kama chuma kinavyoliwa na kutu. Tofauti ni kwamba huyu yu hai.”

“Si nilisema!” Mama Bwawa akaunyooshea ukuta ndala.

Binti hakutazama ukutani. Alikuwa akitazama masanduku manane meusi kando ya bwawa: maganda ya betri, yamekatwa juu. Humo Mama Bwawa alilea vifaranga vya samaki wiki nne nne, na humo aliloweka pumba za kuwalisha wakubwa kila jioni. Fundi ndiye aliyempa, shukrani ya sahani ya samaki iliyovuka ukuta kila Ijumaa.

Wa kigoda akajifanya kutafuta kitu chini.

“Niliyasuuza,” Fundi akasema. “Mara mbili, kwa mkono wangu.” Kisha akaiweka betri chini. “Na wanangu? Kila Ijumaa wamekula.”

“Kesho asubuhi wakapimwe damu. Na wewe. Na shangazi pia.”

Honi ikalia nje. Mama Bwawa akaganda, akatazama bwawa, akatazama geti. Akaenda. Tulimsikia: “Rudi tu, baba. Leo hakuna mzigo, na kesho hakuna.”

Aliporudi alivaa ndala yake ya pili. Fundi alikuwa palepale, hajui mikono aiweke wapi.

“Unangoja nini hapo kama mlingoti? Oga kwanza, ubadilishe na hizo nguo za kazi. Kisha waite wanao mje ndani, mle. Ni maharage, usiogope.”