Mzuka Aliyebisha Hodi

Mwandishi wa filamu za kutisha alikuwa na desturi ya kusoma miswada yake jikoni, kwa sauti, mama yake akichambua mchele. Sikio lilimwonyesha mahali sentensi ilipolegea. Alasiri moja alifika kwenye onyesho la mzuka. Taa inafifia, kitasa kinazunguka, sauti nzito inatoka nje:

"Hodi!"

"Karibu," mama akajibu bila kuinua macho.

Mlango ukafunguka, mzuka akaingia. Alikuwa mrefu, amelowa chapachapa, hana uso, kama alivyoandikwa. Akavua viatu mlangoni.

"Umeshamkaribisha, mama."

"Sasa mtu abishe hodi nimnyamazie? Nilikulea hivyo?" Mama akasogeza kiti. "Keti, baba. Unatudondoshea maji kwenye mchele."

Mzuka aliomba radhi, akaketi, kisha akaomba kusema neno kuhusu mswada.

"Unanitoa mapema mno. Watu wakishaniona, wananizoea. Tazama, mama yako keshanipa ungo."

Kweli, alikuwa anachambua.

Walifanya kazi mpaka jua likazama. Mzuka alishauri hodi ibaki, jibu liondolewe. Mtu akibisha asijibiwe, alieleza, kila mtazamaji huwashwa na ulimi. Taharuki ndiyo hiyo. Mwandishi akafuta kurasa za damu, akaweka kimya. Mswada ukanoga.

Mwandishi alitaka jambo moja tu: safari hii jina lake lisomeke kwenye skrini. Filamu zake zote za nyuma zilitoka kwa jina la mtayarishaji, aliyeamini kwamba majina mengi huwachanganya watazamaji.

"Safari hii utaliona, dada," mtayarishaji aliahidi alipoupokea mswada. "Kubwa hivi!"

Siku ya uzinduzi ukumbi ulifurika. Mzuka aliketi kati ya mama na binti yake mwandishi, amejifunga taulo kichwani ili asiwalowanishe majirani. Kwenye skrini, hodi ikabishwa. Kimya. Ikabishwa tena. Ukumbi mzima ukauma meno, hadi mzee mmoja wa safu ya mbele akashindwa.

"Karibu, jamani! Ingia!"

Watu wakapiga mayowe, kisha wakacheka mpaka wakaegemeana. Mizuka wengine kadhaa wakaingia kwa mlango wa dharura, wakatafuta viti.

Mwishoni majina yakapanda. Mwandishi: mtayarishaji.

"Wewe uko wapi?" mama aliuliza.

"Sipo, mama."

"Mimi nipo," mzuka alisema kwa aibu. "Wameandika, 'Mzuka: yeye mwenyewe.'"

Mabango yalitapakaa mjini, jina la mtayarishaji likiwa refu kuliko mzuka. Hakuna aliyeyabandua. Asubuhi moja mtayarishaji akaja kufuata mswada mwingine.

"Hodi!"

Mama akafungua kinywa kwa mazoea. Mzuka akamwekea kidole kirefu, kibichi, midomoni.

"Hodi, wenyewe! Dada? Nimefuata mswada wetu!"

"Wetu!" mama akanong'ona, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mwandishi akajifunika uso kwa kitambaa cha vyombo asije akaangua kicheko yeye pia. Nje, kitasa kikaanza kuzunguka polepole.

"Bado," mzuka akasema kwa sauti ya chini, akirudi kwenye ungo wake. "Mwacheni abishe tena."