Boksi Zito

Pawa saplai ya zamani ilikufa Jumanne asubuhi, Atusaye akiwa anakoroga uji. Ilitoa mlio mdogo tu, kama kijiti kinachovunjika, kisha feni zote za stoo zikanyamaza. Atusaye alisimama na mwiko mkononi. Alikuwa amezizoea kelele zile kiasi kwamba kilichomshtua ni kimya.

"Happy! Umeme umekatika?"

"Umeme upo, mama."

Alimkuta binti yake amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele ya mtambo wake. Ilikuwa fremu ya mbao iliyotengenezwa na fundi vitanda, na juu yake zimefungwa kadi nne za kompyuta, kila moja na feni zake. Mtambo ule ulichimba sarafu za mtandaoni. Happyness alishamweleza mara nyingi: kompyuta duniani kote zinapiga hesabu mchana na usiku, na mwenye mashine inayosaidia kuzipiga hulipwa vijisarafu visivyoshikika mkononi. Mama Silvana wa nyumba ya pili hakuchoka kuwatania. "Jamani, mgodi unaendeleaje? Bado hamjatoboa sakafu?" Na Atusaye alimjibu kila mara, "Ukiona tumetokeza chini ya kitanda chako, utupishe."

Sarafu zenyewe hakuzielewa, wala hakujisumbua kuzielewa. Alielewa jambo moja tu. Kabla ya mtambo, mtoto wake alikuwa haamki.

Happyness alimaliza chuo Mbeya, akaomba kazi mpaka akachoka kuomba, akarudi Sumbawanga, akalala. Hakuwa mgonjwa wa homa wala wa tumbo. Alilala tu, uso ukutani, blanketi hadi kichwani, mchana kweupe. Atusaye alijaribu yote aliyoyajua. Alimpeleka hospitali, wakapewa vidonge. Aliwaita wazee wa kanisa, wakaomba. Siku moja alimfokea mpaka sauti ikakauka, na binti akamsikiliza hadi mwisho kisha akageukia ukuta. Atusaye ni mtu wa kushika jembe na kumaliza tuta. Pale hapakuwa na mpini wa kushika.

Kisha, bila kuombwa na mtu, Happyness akaanza kutafuta vyuma vyake, kimoja kutoka kwa huyu, kingine kwa yule. Mtambo ukawaka. Na asubuhi iliyofuata aliamka kabla ya mama yake, akaoga, akapangusa vumbi kwenye feni, akasalimia. Ikawa hivyo kila siku. Hata nyumba ilipata joto. Juni ile, upepo wa Ufipa ukipita chini ya milango kama mwenye nyumba, soksi za Atusaye zilikaukia stoo.

Sasa feni zilikuwa kimya, na Happyness anatazama vidole vyake.

"Kilichoungua ni nini hasa?"

"Pawa saplai. Inayopokea umeme wa ukutani na kuzigawia kadi."

"Basi tununue nyingine. Unakaa juu ya ndoo kwa nini?"

"Siyo yoyote tu, mama. Ikiwa mbovu inaua na kadi. Kuna kaka yuko Dar ana nzuri, ila amesafiri. Akirudi atanitumia kwa basi. Labda wiki mbili."

Atusaye alikwenda kazini. Aliporudi mchana kuchukua koti, alichungulia chumbani. Blanketi lilikuwa limefunika kichwa. Wiki mbili! Alilivuta blanketi lile kwa mkono mmoja.

"Vaa viatu. Twende kwa Urbano."

Urbano alikuwa na duka la vifaa vya kompyuta karibu na stendi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Punguza huo muziki."

"Mchimbaji wetu, mambo?"

"Poa," Happyness alisema bila kuinua macho.

Urbano aliweka maboksi mawili juu ya kaunta. La kwanza lilikuwa dogo, limeandikwa wati mia saba na hamsini. La pili lilikuwa kubwa, jeusi, lina picha ya simba anayetoa moto, limeandikwa wati elfu moja na mia sita. Happyness aliligusa lile dogo. Kwa mara ya kwanza siku ile alisema maneno zaidi ya matano mfululizo.

"Hili, mama. Kadi zangu nne zinakula kama elfu moja na mia mbili, kwa hiyo halitoshi zote. Lakini mia saba na hamsini zake ni za kweli, kampuni naijua. Nitawasha kadi mbili. Nyingine zitasubiri ile ya Dar."

"Na hili kubwa lina kasoro gani?"

"Silijui. Wameandika elfu moja na mia sita, lakini kuandika anaandika yeyote. Halafu linauzwa rahisi kuliko hili dogo. Kwa nini kubwa liwe rahisi?"

"Kwa sababu halina jina. Ninyi vijana mnalipia majina."

Atusaye alichukua boksi moja kila mkono. Alikuwa afisa ugani. Tangu alipopangiwa kijiji cha Mwazye akiwa na stashahada yake mpya, alikuwa akiwafundisha wakulima kuchagua mbegu bila mashine yoyote: tia punje kiganjani, sikilizia. Iliyoshiba ina uzito. Nyepesi imeliwa na fukusi, hata kama kwa nje inang'aa. Mkono wake ulikuwa unajulikana mpaka Ilemba. Wanunuzi walimwita apime mahindi yao kwa kiganja kabla hawajafungua mizani.

Lile dogo lilikuwa jepesi kama pumba. Lile jeusi lilivuta mkono chini.

"Hili," alisema.

"Mama, hayo siyo mahindi."

"Hata kama. Shaba ni nzito, chuma ni kizito. Haya, niambie wewe uliyesoma: kama halina kitu ndani, uzito huu umetoka wapi?"

Happyness aligusa stika iliyofunga boksi. "Sijui. Tungeweza kulifungua tuone?"

"Hapana, dada," Urbano akadakia. "Stika ikichanika, dhamana hakuna."

Atusaye alisubiri. Alimtaka abishe kidogo, kwani mtoto anayebisha ana nguvu. Lakini Happyness aliangalia lile boksi dogo, akaangalia mkono wa mama yake, mabega yakashuka.

"Sawa, mama."

Atusaye akafurahi. Wamekubaliana.

Jioni ile feni ziliimba tena, zote nne. Joto lilirudi stoo, soksi zikarudi kwenye kamba. Happyness aliamka asubuhi, akaoga, akasalimia. Mama Silvana alipita: "Naona mgodi umefufuka!" Na Atusaye, aliyekuwa akijisikia mrefu kidogo siku hizo, akamwambia, "Nimechagua mwenyewe. Kwa mkono huu."

Kitu kimoja tu. Happyness alikuwa akiweka kiganja juu ya ile pawa saplai na kukiondoa haraka.

"Inachemka sana, mama. Nizime kadi mbili?"

"Uzime za nini, na imeandikwa elfu moja na mia sita? Kitu kizito kinachelewa kupoa."

"Sawa, mama."

Haikumaliza wiki. Jumamosi adhuhuri Atusaye alikuwa uani akipepeta ulezi. Alisikia mlipuko mkavu, kisha mwanga wa bluu ukapiga kwenye kidirisha cha stoo. Aliutupa ungo, ulezi ukamwagika wote. Alimkuta Happyness amekwisha kung'oa plagi ukutani. Moshi ulikuwa unatoka kwenye pawa saplai, na mwingine, mwembamba zaidi, ulitoka kwenye kadi.

"Umeungua? Nionyeshe mikono!"

Mikono ilikuwa mizima. Atusaye akamshukuru Mungu kwa sauti, na kwa muda kidogo alidhani hilo ndilo jambo kubwa.

Happyness alitoa kadi moja moja, akazijaribu kwenye kompyuta yake ya zamani. Alifanya taratibu, kama anayemvua nguo mtoto aliyelala. Ya kwanza haikuwaka. Ya pili haikuwaka. Atusaye alisimama mlangoni, na kwa kila kadi alijikuta ananyoosha mkono kana kwamba kuna kitu atashikilia. Ya nne ilizungusha feni nusu mzunguko, ikaacha.

"Lete bisibisi," Atusaye alisema.

Alilifungua lile boksi yeye mwenyewe. Ndani mlikuwa na sakiti ndogo iliyoungua, na kando yake donge limezungushiwa utepe mweusi, limegandishwa kwa gundi kwenye bati. Alichana utepe kwa kucha. Saruji. Donge la saruji, kubwa kuliko ngumi yake.

Hakuhitaji kuelezwa. Mara ngapi alisimama kwenye maghala na bambo mkononi, akalichoma gunia katikati, akasikia chuma kikigonga jiwe? Aliwaumbua wafanyabiashara mbele ya watu. Na wanaoweka mawe huyaweka kwa ajili ya watu wanaopima kwa mkono.

Alilibeba lile donge mpaka kwa Urbano. Njia nzima alipanga maneno. Angemtukana, angeita polisi, angekaa mlangoni mpaka duka lifungwe. Aliligonga donge juu ya kaunta.

Urbano aliliangalia, akashika kichwa. "Mungu wangu. Mama, mimi nimeletewa hivi hivi." Alifungua lingine la aina ile mbele yake, stika ikachanika. Saruji. Alifungua la tatu. Saruji. Akatoa fedha alizolipwa kwenye droo bila kuombwa, akazisukuma upande wa Atusaye. "Chukua, mama. Nisamehe."

Angalau angekataa! Atusaye angepata pa kushika. Alibaki na maneno yake yote mdomoni na noti kiganjani, na noti zile hazikuwa na uzito wowote.

"Na kadi?" aliuliza, ingawa alijua.

"Kadi sina, mama. Kadi kama zile hapa mjini huzipati."

Alirudi nyumbani. Stoo ilikuwa imepoa, na upepo uliingia chini ya mlango. Ulezi ulikuwa bado umemwagika uani, kuku wa Mama Silvana wanaudonoa, na Mama Silvana mwenyewe amesimama kwenye uzio bila utani wowote.

Chumbani, blanketi lilikuwa limefika kichwani.

Atusaye alikaa ukingoni mwa kitanda. Alitafuta la kufanya. Alilikunja shuka lililokuwa limekunjwa tayari. Aliokota soksi.

"Happy. Yule kaka wa Dar, mpigie. Nitalipia. Alete ile nzuri."

"Ya kuwasha nini, mama?" sauti ilitoka chini ya blanketi, haina hasira. Atusaye angesikia hasira angeshukuru.

"Ungenikatalia pale dukani. Kwa nini hukunikatalia?"

Happyness alisogea karibu zaidi na ukuta.

"Nilikukatalia, mama."

Atusaye alitazama mkono wake. Ulikuwa na vumbi la saruji kwenye mistari ya kiganja. Aliupangusa kwenye kitenge, akauweka juu ya blanketi, mahali alipodhani pana bega. Hakujua kama ni bega.

"Nakupikia uji wa ulezi. Utaamka unywe?"

"Sawa, mama."

Akapika, akangoja. Uji ulishika utando jikoni, ukapoa. Happyness hakuamka.