Nyongeza ya Luhende

Walipoleta ile mashine ya mafuta ya kula dukani kwangu Kiseke, nilicheka mpaka kijana wa kampuni akaona aibu. Anaitwa Elias. Aliniamkia vizuri, akaanza kunifundisha kwamba sasa mteja atakuja na chupa yake, apimiwe, aende. Ananifundisha mimi! Mimi na marehemu mume wangu Luhende tulipima mafuta kutoka kwenye pipa miaka kumi na minane, mpaka kampuni hiyo hiyo ilipotushawishi tuuze vipakiti vya nailoni.

"Na leo mmekumbuka nini?" nikamuuliza.

"Mama, niseme ukweli. Bomba la kiwanda chetu la kuvuta maji ziwani limeziba mara tatu mwaka huu. Tulipolifungua tulikuta vipakiti, na jina letu bado linasomeka. Plastiki nayo imepanda bei, na wanunuzi wanatuuliza takataka zetu zinaishia wapi."

Nilimpenda kwa ukweli huo. Sharti lilikuwa moja: watu wasipokuja kwa mwezi mzima, mashine inaondoka.

Nami sikutaka iondoke. Enzi za pipa, chupa zilipangwa foleni kwenye kaunta, wenyewe wamekaa kwenye kreti wakisimuliana habari za Kisesa na Kigongo, Luhende akimtania kila mmoja. Vipakiti vilipokuja, watu wakawa wanachukua na kuondoka. Na tangu Luhende afariki, kuna siku nafunga duka sijaongea neno zaidi ya "chenji hii hapa". Upweke huo unauma, sifichi.

Wiki ya kwanza walijaa. Wiki ya tatu kimya. Nikamwita jirani yangu Modesta, aliyekuwa akipita na kipakiti alichonunua kwingine.

"Dada Paskazia, mashine yako ina mkono wa birika," akasema. "Ikifika robo imekata. Nyongeza iko wapi? Shemeji Luhende hakuniacha niondoke bila nyongeza hata siku moja."

Kweli bwana. Luhende akishamimina kipimo, alichota tena kijiko kimoja kikubwa, akasema, "Ya mtoto hii."

Siku Elias alipokuja kuchukua mashine, nilikuwa nimekitoa uvunguni kile kipimo cha bati cha robo lita, na kijiko chake. Nikamwonyesha jinsi watu walivyopimiwa zamani. Akakiweka kipimo juu ya sahani chini ya mdomo wa mashine, akabonyeza robo. Kipimo kikajaa mapema, mafuta yakamwagikia sahanini. Tukayakusanya kwenye kijiko. Yalikijaza, yakaishia hapo.

Nilikaa kwenye kreti. Miaka kumi na minane mume wangu aliwaongezea watu mafuta yao wenyewe, nao wakamshukuru. Elias alidhani nalia kwa uchungu. Nilikuwa nacheka na kulia, kwa jinsi nilivyomkumbuka mjanja yule.

"Mwanangu," nikasema, "mashine hii inaweza kukata mapema kidogo? Upungufu wa kijiko kimoja tu. Nitautimiza mwenyewe."

Akanitazama, akatazama sahani, akaanza kubonyeza vitufe.

Jioni nilimwita tena Modesta, akaja na chupa, shingo upande. Mashine ikakata. Nikachota kijiko, nikammiminia.

"Ya mtoto hii."

Alitazama chupa, akanitazama mimi. Kisha akavuta kreti, akakaa.

"Umesikia mambo ya harusi ya Kisesa?" akaniuliza.