Moshi wa Kibuyu

Ukitaka kujua uchungu, mama yako mzazi akuamkie shikamoo. Ndiyo yaliyomkuta Yustina kule Mgori. Akili za mama yake, Elizabeti, zilikuwa zimetoka kidogo kidogo, na sasa kila asubuhi alimwamkia binti yake kwa heshima zote, tena kwa Kiswahili, lugha ya kuongea na bwana shamba. Wawili hao tangu zamani walisemezana Kinyaturu tu. Yustina akishaitikia, huenda nyuma ya zizi akalia.

Alitaka kitu kimoja: mama amwite kwa jina lake, hata mara moja, kabla Mungu hajamchukua.

Siku hiyo jirani yao, Mama Eliana, alipita na kibuyu chake cha zamani cha maziwa, sasa akiwekea mbegu. Vibuyu vingine vya maziwa vilikuwa vimeshatupwa. Tangu biashara iwe ruksa, wachuuzi walikuja na baiskeli na madumu ya plastiki, wakasema watu wa mjini hawataki maziwa yanayonuka moshi. Haya, watu wa mjini wakishasema, nani abishe? Yustina alikinusa kile kibuyu, bado kina harufu ya moshi. Alijiona mtoto, kichwa mapajani kwa mama, mama akifukiza kibuyu cha maziwa na nyumba imejaa moshi mtamu. Hakuna raha aliyowahi kuipata kushinda ile.

"Niazime, mama," alimwambia jirani. "Labda akinusa atanikumbuka."

"Mwanangu, la kuvunda halina ubani," alisema Mama Eliana. Lakini akampa.

Yustina alikiosha, akakikausha, akatia vijinga vya moto ndani na kukitikisa mpaka moshi ukafuka mdomoni. Akakisogeza karibu na mama yake. Elizabeti aliinua kichwa, pua zikamcheza, machozi yakaanza kumtiririka. Akasema neno, na neno lile lilikuwa la Kinyaturu! Yustina akapiga magoti kwa furaha.

"Mama, ni mimi!"

"Ritha," alisema mama. "Ritha wangu amekata roho."

Kisha akaangua kilio, kilio chenyewe cha msiba, hata Mama Eliana akakisikia kwake, akaja mbio kuuliza nani amekufa. Alipokiona kibuyu kikifuka moshi na kulisikia jina la Ritha, alielewa.

"Dada yako aliuawa na surua," alimnong'oneza Yustina. "Mama yako alikuwa anafukiza kibuyu, mtoto amelala palepale jikoni. Alipogeuka, amekwisha. Wewe ulikuwa tumboni bado."

Yustina alijua kwamba alikuwa na dada aliyefariki. Hili la moshi hakuna aliyemwambia. Miaka yote ile mama alikuwa akifukiza na kunyamaza, na yeye mapajani pale akifurahia. Akajisikia vibaya mpaka akatamani ardhi impasukie.

Elizabeti aliweka mkono tumboni, tumbo la bibi kizee lililobonyea.

"Na huyu aliyemo humu simtaki," alisema. "Nimzae naye afe? Bora asije kabisa."

Mama Eliana alitazama chini. Yustina alitaka kusema, mama, nilikuja, nikakua, niko hapa. Badala yake akakaa chini sakafuni kama wanavyokaa wafiwa, akaushika mkono wa mama yake.

"Pole, mama," alisema. "Pole na msiba."